Soma maji kabla ya gesi: kutunza na kurekebisha hiti pampu ya maji ya kisima, Tanga

"Inazimika saa nane mchana. Kila siku saa nane, kama ina saa mkononi."

Hivyo ndivyo alivyonieleza msimamizi wa nyumba moja ya wageni upande wa Raskazone, mwezi wa Januari, joto limekaza na vyumba vyote vina watu. Asubuhi mashine inapoza vizuri. Ikifika saa nane inakata, taa ya presha ya juu inawaka. Ukiizima na kuiwasha inakwenda dakika kumi, inakata tena. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshaongeza gesi mara mbili.

"Sasa fundi, tuongeze tena?"

"Hapana, dada. Niletee ndoo ya lita ishirini na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde."

Alinitazama kama niliyekuja kufua. Lakini ndoo ndiyo kipimo cha kwanza, na kisa cha saa nane nitakimaliza mwishoni. Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa majengo na mafundi wa friji ambao AC za kawaida wanazijua, ila hizi zinazotumia maji wanazikuta mara chache.

Mashine yenyewe

Hiti pampu ni hamali. Inabeba joto kutoka mahali pamoja na kulitua pengine. AC ya kawaida hulitua joto kwenye hewa ya nje, na hewa hiyo mchana wa Januari tayari ni moto. Hii yetu hulitua kwenye maji. Visima ninavyovihudumia mjini hapa hutoa maji ya nyuzi 27 au 28 usiku na mchana, kwa hiyo hamali anapanda kilima kifupi zaidi na umeme unaoliwa unapungua. Wenzetu wa nchi za baridi hufanya kinyume: ukumbi wa manispaa wa Zurich, Uswisi, uliwekewa mwaka 1938 hiti pampu ya kuchota joto katika mto Limmat na kulipeleka ndani.

Ndani ya kasha kuna kompresa, koili ya hewa yenye feni, kibadilisha joto ambamo gesi na maji hupita bega kwa bega bila kuchanganyika, ekspansheni valvu inayoshusha presha ya gesi, filta draya inayonasa uchafu na unyevu ndani ya gesi, na valvu ya kugeuza njia ya gesi. Mashine nyingi za nyumba za wageni zina pia koili ndogo inayochota joto la gesi inayotoka kwenye kompresa kwa ajili ya maji ya kuoga. Nje ya kasha kuna pampu ya kisima, chujio, koki na mabomba. Ukinilazimisha kusema matatizo yako wapi zaidi, nitakuelekeza huko nje ya kasha.

Kaunta buku

Huwezi kumtambua mgonjwa usiyemjua akiwa mzima. Siku mashine inapofungwa, au siku ya kwanza unapoikuta ikifanya kazi vizuri, andika vipimo vyake kwenye kaunta buku na uifunge kwa kamba kwenye mlango wa kasha. Vipimo vya kwenye simu hupotea na simu.

Anza na kiasi cha maji. Kwa maji ya joto kama yetu, mashine inahitaji kama lita 11 kwa dakika kwa kila tani moja, yaani kwa kila BTU 12,000. Mashine ya tani 3 inataka lita 34 hivi. Nenda kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, tega ndoo ya lita 20, hesabu. Ikijaa kwa sekunde 35, maji yanatosha. Ikichukua dakika nzima, usihangaike na kitu kingine kwanza.

Pili, joto la maji yanayoingia na yanayotoka. Funga kihisi cha kipimajoto kwenye bomba kwa tepu, kisha kifunike kwa sponji ili hewa isikidanganye. Wakati wa kupoza vyumba, maji yanapaswa kutoka yakiwa na nyuzi 5 hadi 6 zaidi ya yalivyoingia.

Vipimo hivi viwili vikikaa pamoja vinakupa siri ya mashine nzima. Zidisha lita kwa dakika, mara tofauti ya nyuzi, mara 0.07, unapata kilowati za joto zinazobebwa. Lita 34 mara 5.5 mara 0.07 ni kama 13. Mashine ya tani 3 hutoa vyumbani kilowati 10.5, na kompresa inaongeza zake 2.6 hivi. Hesabu imekaa. Umejua kwamba mashine inafanya kazi yake bila kufungua valvu hata moja ya gesi.

Tatu, presha ya maji kabla na baada ya kibadilisha joto. Tofauti yake siku ya kwanza ndiyo rula yako ya miaka yote. Nne, ampea za kompresa na volti. Presha za gesi zichukue mara moja, uziandike, kisha funga vizuri. Kila ukiunganisha geji unapoteza gesi kidogo na unakaribisha uchafu. Kuna mafundi wanaounganisha geji kila ziara ili mwenye nyumba aone wamefanya kazi. Tabia mbaya hiyo.

Kazi za kila wakati

Kila wiki safisha filta ya hewa, hasa vyumba vya karibu na barabara, na chungulia chujio la maji. Kila mwezi mimina ndoo ya maji kwenye trei ya matone uone kama yanashuka. Hewa ya Tanga imejaa unyevu, na ute wa kijani huziba kibomba cha kutolea maji ya trei hadi maji yadondoke kitandani kwa mgeni. Kama bomba halina kona ya kuzuia hewa, feni huyavuta maji yarudi.

Mwezi huohuo igeuze mashine upande wa kupasha joto kwa dakika chache. Wa Zurich wana majira ya kuigeuza valvu. Kwetu inaweza kulala upande mmoja miaka mitatu, na siku ukiihitaji ikagoma katikati. Angalia tu maji yawe yanapita sawasawa unapofanya hivyo. Upande huo wa kazi maji ndiyo yanayopozwa, na yakisimama yanaweza kuganda ndani ya kibadilisha joto na kukipasua, hata hapa kwetu kwenye joto la kuyeyusha samli.

Kila miezi mitatu zima breka, subiri dakika kadhaa, pima kwa tesita kwamba umeme haupo kweli, kapasita nayo uitoe chaji, halafu kaza skurubu za waya na kagua kontakta, swichi kubwa inayowasha kompresa. Chumvi ya upepo wa bahari inakula shaba hadi iwe na unga wa kijani. Kasha lililo nje lioshwe kwa maji matamu.

Tangi la maji ya kuoga lisiachwe kwenye uvuguvugu. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, huzaliana vizuri kati ya nyuzi 25 na 45, kwa hiyo pandisha tangi hadi 60 kwa hita ya umeme kama koili ya gesi haifiki huko, na weka valvu ya kuchanganyia ili wageni wasiungue.

Kisima chenyewe

Mji huu umekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji kwenye mawe ya namna hiyohiyo. Anayechemsha maji ya kisima kwenye birika anaujua ukoko mweupe unaobaki. Ukoko huo ndio unaojenga ndani ya kibadilisha joto, tena haraka zaidi palipo na moto, ndiyo maana koili ya maji ya kuoga huziba mwanzo.

Adui wa pili ni chumvi. Kisima cha karibu na ufukwe kikivutwa kwa nguvu wakati wa kiangazi, maji matamu yaliyoelea juu hupungua na maji ya bahari hupanda kutoka chini. Nunua kipima chumvi cha mkononi, pima Machi kabla ya masika na tena Juni, andika. Maji yakianza kuwa ya chumvi, kibadilisha joto cha shaba tupu hakitadumu. Unataka cha shaba iliyochanganywa na nikeli, na hilo huulizwa kabla ya kununua.

Baada ya mvua kubwa za masika, tazama mchanga. Ute wa rangi ya kutu kwenye chujio ni bakteria wanaokula madini ya chuma. Kisima kinatiwa klorini na kuvutwa hadi harufu iishe, mashine ikiwa imefungiwa koki wakati huo wote.

Na yatokayo yanakwenda wapi? Lita 34 kwa dakika kwa saa kumi ni zaidi ya lita 20,000 kwa siku. Kwa hiyo usithubutu kutumia maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani halafu ukayamwaga mtaroni. Wengi huyarudisha kwenye kisima cha pili. Kikiwa karibu mno na cha kwanza, maji ya moto yanazunguka chini kwa chini na kurudi kwenye pampu. Dalili yake ni wazi: maji yanaingia kwa nyuzi 28 asubuhi, alasiri yanaingia kwa 33. Kibali cha kuvuta maji kiulizwe Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kabla ya kuchimba.

Kuosha ukoko

Hii ni kazi ya mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi buku likikwambia.

1. Zima breka ya mashine na ya pampu. Funga koki mbili za kutenga kibadilisha joto. Kama aliyefunga mashine hakuweka koki hizo wala midomo ya kuoshea, siku ya kwanza ni ya kuziweka, kuosha kesho.

2. Vaa miwani na glavu za mpira. Kwenye ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji, yeyusha kilo moja ya asidi ya sitriki, ile ile iliyomo kwenye ndimu. Huuzwa ikiwa chembechembe kama sukari. Maji kwanza, asidi baadaye.

3. Unganisha pampu ndogo ya plastiki, isukume dawa iingie pale ambapo kwa kawaida maji hutokea. Ukoko na mchanga vilivyojishikiza kwa kufuata mkondo hung'oka vikisukumwa kinyume.

4. Acha izunguke saa moja hadi mbili. Mapovu kwenye ndoo yanaonyesha chokaa inayeyuka. Yakikoma, chovya karatasi ya kupimia asidi. Kama dawa bado ni kali, yaani pH chini ya 4, ukoko umekwisha. Kama ukali umepungua, dawa ndiyo iliyokwisha, changanya nyingine.

5. Toa dawa, itulize kwa magadi kidogo kidogo hadi iache kuchemka, ndipo umwage. Suuza kwa maji matamu mpaka karatasi isome kama maji yenyewe.

6. Rudisha maji, toa hewa, pima ndoo na tofauti ya presha. Andika.

Asidi ya betri usiitumie. Ya kuoshea vigae vya choo pia usiitumie: ina haidrokloriki, na kibadilisha joto cha sahani za chuma kisichoshika kutu hutobolewa nayo. Kitobo kimoja kinaingiza maji kwenye njia ya gesi, na hapo kompresa imekwenda. Klorini na asidi zisikutane kwenye ndoo moja hata kwa bahati mbaya. Moshi wake unaua.

Mashine inakata kwa presha ya juu

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea, basi tukae kidogo. Watuhumiwa wakubwa ni watatu na wote huacha alama moja mlangoni: presha juu, mashine chini. Maji ndiyo yanayowatenganisha.

Maji yakiwa machache, tofauti ya joto inapanuka. Badala ya nyuzi 5 au 6 unaona 9, 10, 11. Maji machache yanabeba mzigo uleule, kwa hiyo kila lita inatoka na joto jingi. Kagua chujio, koki iliyofungwa nusu, valvu ya umeme ya maji, pampu ya kisima, na kina cha maji kisimani.

Ukoko ukiwa mwingi, ndoo inaweza kujaa kwa wakati na tofauti ya joto ikawa ya kawaida au ndogo kidogo, ila presha ya gesi iko juu. Sasa geji zina kazi. Chukua presha ya juu, itafute kwenye jedwali la gesi uone ni sawa na joto gani. Kwa gesi ya R-410A, presha ya psi 336 hivi ni nyuzi 40. Psi 381 ni 45. Psi 430 ni 50. Linganisha joto hilo na la maji yanayotoka. Kibadilisha joto kisafi huacha pengo la nyuzi 3 hadi 6. Pengo likifika 10, joto linagonga ukuta wa chokaa.

Gesi ikizidi, ndoo ni nzuri na tofauti ya maji ni nzuri, lakini bomba la gesi iliyogeuka kimiminika linalotoka kwenye kibadilisha joto ni baridi mno kuliko joto lile la jedwali. Kawaida tofauti hiyo ni nyuzi 4 hadi 8. Ukikuta 14, kuna mtu alimwaga. Hewa iliyoachwa ndani kwa kutovuta vakyumu hufanana na hili. Ili kujua, zima kompresa, acha maji yapite hadi joto la kuingia na la kutoka yalingane, kisha linganisha presha iliyotulia na jedwali. Ikizidi jedwali, kuna hewa.

Dalili nyingine

Vyumba havipoi na presha ya chini imeshuka: anza na filta ya hewa na mkanda wa feni. Koili ikiwa na barafu, iache feni peke yake iyeyushe kabla ya kupima chochote. Hewa ikiwa sawa, gusa filta draya pande mbili. Upande wa kutokea ukiwa baridi kuliko wa kuingilia, imeziba. Ikiwa sawa, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni, hasa kwenye fleya nati na pini za valvu zenye alama ya mafuta. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Ikipungua, pana tundu.

Kompresa inaguruma vibaya tangu umeme urudi, na presha mbili zinakaribiana: mashine ya fezi tatu imegeuziwa fezi. Zima, badilisha waya mbili kati ya tatu upande wa kuingia. Usiiache hata dakika tano.

Ovalodi, yaani kinga ya mota, inakata bila sababu: pima volti za fezi zote. Chukulia 400, 410 na 384. Wastani ni 398, iliyo mbali zaidi imepungukiwa 14, sawa na asilimia 3.5. Ikizidi asilimia 2, mota zinapata joto lisilo lao. Tafuta muunganisho uliolegea au mzigo uliorundikwa fezi moja.

Inawaka na kuzima kila dakika mbili: flo swichi, ile inayozima mashine maji yasipopita, imejaa ute, au mtu ameondoa kichelewesho cha dakika tano kinacholinda kompresa. Nimekuta pia flo swichi imeunganishwa moja kwa moja kwa kipande cha waya "ili isisumbue". Kipande kile cha waya kingeweza kumgharimu mwenye nyumba mashine nzima.

Inanguruma lakini haigeuki kwenda kupasha joto: gonga taratibu mwili wa valvu kwa mpini wa bisibisi huku umeme wa koili yake ukiwa umewaka. Ikigeuka, ilikuwa imelala. Isipogeuka, ni kazi ya kukata na kuchomea. Tumia naitrojeni ndani ya bomba wakati wa kuchomea, na kupimia presha. Oksijeni kamwe. Ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka.

Kuhusu gesi

R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, R-32 na R-125, kwa hiyo huingizwa ikiwa kimiminika, na kwa mizani. Vuta vakyumu hadi kipimo cha hewa iliyobaki kisome mikroni 500 na uone inakaa hapo pampu ikizimwa. Uzito umeandikwa kwenye kibati cha mashine. Kuongeza kwa kusikiliza au kwa kushika bomba kuliwezekana kwenye mafriji ya babu zetu yenye nafasi ya kukosea; hizi hazina.

Saa nane

Asubuhi ile ndoo ilijaa kwa sekunde 36, tofauti ya maji nyuzi 6. Mashine nzima kabisa. Yule dada akanitazama tena. Nikaomba chai, nikakaa hadi mchana, kwa sababu hitilafu yenye saa lazima ipimwe saa yake.

Saa saba na nusu nikasikia maji yanamwagika uani. Wageni huondoka saa nne, shuka hukusanywa, na dobi huanza kufua mchana akijaza matangi mawili kutoka bomba lilelile la kisima. Nikarudi na ndoo: sekunde 68. Maji yanaingia kwa 28, yanatoka kwa 39. Saa nane kasoro dakika tano, taa ikawaka.

Kufua kulikuwapo tangu mashine ifungwe. Zamani, maji yakipungua, presha ilipanda ikakaribia kikomo bila kukigusa. Gesi ile iliyoongezwa mara mbili ndiyo iliyokula nafasi iliyobaki. Tulivuta gesi yote, tukaipima, tukarudisha kiasi cha kwenye kibati. Dobi akavutiwa bomba lake kutoka tangi la juu linalojazwa usiku. Kwenye kaunta buku, chini ya tarehe ile, msimamizi ameandika kwa mkono wake: "Saa 8 mchana. Ndoo sek 35. Ndani 28, nje 33 na nusu. Dobi anafua."